Choo cha Mzee Minowa

Siku ile mjinga nilikuwa mimi, na sitafuti mtu wa kugawana naye. Nimejenga nyumba maisha yangu yote katika mji wetu huu mdogo chini ya milima, nimeanguka kutoka juu ya paa nikaamka, nimefilisika nikaanza upya, nimedhulumiwa na wenye tai na wasio na tai, na bado nikafika uzeeni bila kujifunza kumsikiliza mtu mpaka amalize.

Ulikuwa mwezi wa tatu, mwaka ule korona ilipoingia. Nyumba ya akina Minowa ilikuwa imekwisha. Haikuwa na ngazi wala kizingiti hata kimoja. Milango ilikuwa ya kusukuma pembeni, mipana ya kupitisha kiti cha magurudumu bila kukwaruza, na chumba cha kulala kilitazama bustani, upande ambao treni zinaonekana zikivuka daraja. Mzee Minowa alikuwa dereva wa treni hadi alipostaafu. Alipopigwa na kiharusi akalazwa, mkewe akaibomoa nyumba yao ya zamani, iliyokuwa na ngazi kali kama za kupandia dari, akaniita nimjengee hii ili amrudishe mumewe. Mwenyewe alijibanza kwenye chumba cha kupanga, ghorofa ya tatu, jengo lisilo na lifti. Huko mgonjwa hapelekwi.

Kilichokosekana ni kitu kimoja tu: choo. Vyoo vyetu siku hizi ni mitambo mizima, vinapasha kiti moto, vinarusha maji, vina vitufe kama redio. Vipuri vyake vilikuwa vinatoka Uchina, na viwanda vya Uchina vilikuwa vimefungwa. Basi watu wakawa wanasukumana madukani kugombania karatasi za chooni, na sisi wajenzi tunagombania choo chenyewe. Niliwaambia vijana wa dukani kwamba afadhali wao, angalau wana cha kujifutia.

Mkaguzi wa manispaa alikuwa ameshapita. Alitazama tundu la choo sakafuni, lililozibwa kwa plastiki na utepe wa gundi, akasema kwa hali hii wameruhusiwa kupitisha nyumba, choo kitafuata. Akagonga muhuri, akaenda zake. Kwa serikali nyumba ilikuwa halali. Kwangu mimi haikuwa. Kwetu kukabidhi nyumba si jambo la kurushiana ufunguo getini. Fundi anavaa koti safi, anamtembeza mwenye nyumba chumba kwa chumba, anafungua kila bomba mbele yake, anawasha kila taa, kisha anainama na kumpa ufunguo kwa mikono miwili. Baba yangu aliishi hivyo, na hakuna aliyewahi kusema nyumba iliyojengwa na sisi akina Isobe ilikabidhiwa ikiwa na upungufu. Halafu chumba kile cha choo nilikichora kwa mkono wangu: kipana, chenye vishikio pande zote mbili, vimo vyake nilivipima kwa kukaa mwenyewe juu ya ndoo. Ndicho nilichojivunia kuliko paa.

Asubuhi ya Ijumaa Bi Minowa alikuja na baiskeli, barakoa ya kitambaa usoni, ameishona mwenyewe kwa kipande cha kimono. Akaniambia hospitali imempigia simu. Kuanzia kesho hakuna mgeni kuingia wodini, na hakuna ajuaye mpaka lini. Lakini daktari amekubali: mgonjwa mwenye nyumba ya kupokelewa anaweza kutoka leo, gari lipo, ni yeye tu aseme ndiyo. Akisema hapana, mumewe atabaki ndani na yeye nje.

"Fundi," akasema, "nipe ufunguo hivi hivi."

Nikamwambia nyumba haijakamilika. Akasema choo si neno, yeye atakwenda kwa jirani, wameshaongea. Nikamuuliza, na mzee je? Naye tumpeleke kwa jirani kila akibanwa, tukimsukuma barabarani kama kifurushi cha posta? Nikacheka. Kwa ile barakoa sikuweza kuona kama naye amecheka.

"Mzee, Fundi, kusema kweli, yeye..." akaanza, kisha akaishia hapo, akatazama viatu vyake.

Mtu mwenye masikio angesubiri. Mimi nikamwokoa, kwa akili zangu. Nikamwambia asiseme zaidi, nimeelewa, ni heshima ya mzee, na heshima yake ni heshima yangu. Anipe mpaka jioni. Choo nitakileta hata kwa kukiiba. Awaambie hospitali mgonjwa atatoka jioni. Aliinama, akakaa ameinama muda mrefu, nami nikadhani ananishukuru.

Nikamchukua Gondo, fundi bomba wangu, tukaingia kwenye kigari cha mizigo. Gondo ni mtu wa maneno machache na yote ya kuudhi. Akaniambia nimpe yule mama ufunguo wake, twende tukanywe chai. Nikamuuliza kama kwao walikuwa wanajisaidia vichakani. Akasema kwao walikuwa wanajua kazi ikiisha.

Duka la kwanza walitikisa vichwa kabla sijafungua mdomo. La pili nilipiga chafya, maana ule ni msimu wa chavua ya mierezi na nusu ya mji tunapiga chafya, na wateja wakatawanyika kama nimetupa bomu. Mji wa pili tulikuta choo kizuri kimewekwa cha maonyesho, kimewashwa na taa yake, na muuzaji kijana akakaa mbele yake amenyoosha mikono kama golikipa. Akasema hicho si cha kuuza, na kwamba mimi ni wa tano tangu asubuhi. Simu yangu niliiacha kwenye kigari, chini ya makoti.

Adhuhuri ikapita. Tukiwa tunakula matonge ya wali kando ya barabara, ndipo akili kubwa ikanijia: choo ninacho. Kipo nyumbani kwangu, cha mwaka juzi tu, aina ileile.

Mke wangu Setsuyo alitukuta tumeshafunga maji na Gondo amepiga magoti na spana. Akasimama mlangoni akatazama.

"Bomba la jikoni linavuja mwaka mzima hulioni," akasema. "Choo kizima ndicho umekiona."

Nikamweleza habari ya mzee Minowa. Akauliza yeye atakwenda wapi. Nikamwambia kwa jirani. Gondo akakohoa ndani ya barakoa yake, na nilijua hakuwa na kikohozi.

Tulikitoa, tukakisugua bustanini kwa brashi na sabuni mpaka kikang'aa, tukakifunga blanketi kama bibi harusi. Jua lilikuwa linashuka tulipofika. Nilikuwa nimeshavaa koti langu safi. Bi Minowa alikuwa ameketi sakafuni pale mlangoni, simu mapajani. Nikampita nikimwambia asubiri aone, na sikumtazama usoni. Gondo alifunga mabomba, akapaka gundi ya kuzuia maji, nami nikabonyeza kitufe. Maji yakazunguka, yakashuka. Sauti tamu. Nikaenda kumwita.

Hakuinuka. Alinieleza akiwa amekaa palepale, kwa sauti ya kusoma tangazo la stesheni. Muuguzi wa ile wodi alikuwa ameamka na homa. Mchana wakapima, wakafunga wodi yote. Hakuna kuingia, hakuna kutoka. Wagonjwa waliotoka asubuhi walikuwa wameshatoka, wako majumbani kwao. Ingawa waliambiwa ni jioni, mzee alikuwa amekwisha kuvalishwa koti, amekaa kwenye kiti chake karibu na lifti tangu saa nne, anangoja gari. Wakamrudisha kitandani. Bi Minowa akasema alinipigia simu mara nyingi, haikupokelewa.

Nitasema hapa ili msiendelee kungoja. Mzee Minowa aliingia nyumba ile mwezi wa tano. Alikuwa majivu, maana kwetu maiti huchomwa, ndani ya kisanduku kilichofungwa kitambaa cheupe, mkewe amekipakata. Hakuruhusiwa kumwona hata kwa kioo. Kisanduku kilipita kwenye ile milango mipana kikabaki na nafasi kubwa kila upande.

Lakini jioni ile hatukuyajua hayo, na mimi nilikuwa na choo changu. Badala ya kunyamaza nikaanza kujitetea. Nikasema nani angejua habari ya muuguzi. Nikasema karantini ni wiki mbili, mzee ni mtu wa reli, atavumilia. Akasema taratibu kwamba angepewa ufunguo asubuhi, saa hizi mumewe angekuwa amelala pale, akanyoosha mkono kuelekea chumba cha bustani. Hapo nikapandisha sauti. Nikamwambia nimezunguka miji miwili nikifukuzwa kama mwizi, nimeng'oa choo cha nyumba yangu, mke wangu yuko kwa jirani amebeba taulo, na yote hayo ni kwa ajili ya mzee. Gondo akanivuta koti akaniambia inatosha, kaka. Nikamsukuma mkono.

"Hebu niambie wewe, Bi Minowa," nikasema. "Fundi gani mwenye haya anamwingiza mgonjwa kwenye nyumba isiyo na choo? Usiku ukiingia, mzee angejisaidia wapi?"

Akasimama. Akavua barakoa, akaikunja, akaiweka mfukoni.

"Mume wangu anavaa nepi tangu alipoanguka, Fundi. Mimi nilikuomba chumba."