Wanawake Watatu katika Shamba la Straton

Straton aliondoka kijijini kwake Kirolirwe, katika milima ya juu ya Sake, mwaka wa 1949, yeye na mke wake Emérita, kwenda Uganda kufanya kazi katika mashamba ya kahawa upande wa Masaka. Nyuma aliacha shamba alilorithi kwa baba yake, kipande kizuri cha mlima kinachoteremka mpaka kijitoni. Alimwachia dada yake Libérata, mjane aliyekaa ng'ambo ya kijito, na agizo moja.

"Ulime mwenyewe. Usiazime muntu hata mustari moja. Anayelima leo, kesho atasema iko yake."

Libérata alikubali. Miaka miwili alilima maharagwe, mtama na viazi vitamu. Mwaka wa tatu goti likaanza kumsumbua, akaweza robo tu ya shamba. Kwingine kukaota majani marefu, na ng'ombe wa jirani yao Hubert wakaanza kuingia. Mwanzoni walipotea njia. Baadaye wakawa wanaletwa. Siku moja akamkuta Hubert mwenyewe anapima ardhi kwa hatua.

"Kaka Hubert, unatafuta nini huku?"

"Straton harudi tena, dada. Amekuwa muntu wa Uganda. Nitaomba kapita anipatie hii pori."

Kapita ndiye aliyekuwa mkubwa wa kijiji. Libérata alirudi nyumbani na hasira, akawaza siku mbili, kisha akafanya kile alichokatazwa. Jumapili baada ya misa, mbele ya watu wote, aliwagawia sehemu iliyolala wanawake watatu wenye watoto wengi na mashamba madogo: Thacienne, Mukandayisenga na Dorothée. Kila mavuno wangemletea kikapu kimoja, na siku Straton akirudi wangeondoka bila maneno. Katekista Symphorien alisikia yote, akamwandikia Straton barua yenye habari zote, na za Hubert pia.

Straton aliisoma mara mbili. "Dada yangu amenimaliza," akamwambia Emérita. "Mwizi alikuwa mmoja, sasa wako wanne."

Akaomba ruhusa kazini, akapanda lori baada ya lori kupitia Rutshuru mpaka Sake, na kutoka pale akapanda milima kwa miguu. Alipofika alitaka kugomba, lakini Libérata alimwekea chakula tu.

"Kula. Kapita anakuja kesho na Hubert. Utasikia mwenyewe."

Kesho yake watu walisimama shambani, katikati ya maharagwe yaliyoanza kutoa maua. Kapita akawageukia wanawake.

"Hii shamba iko ya nani?"

Straton aliinamisha macho. Alingoja waseme ni lao.

"Iko ya Straton," Thacienne alijibu. "Sisi tunalima kwa neno ya dada yake."

"Straton akinyanganywa, sisi njo tutalala njaa na watoto," Mukandayisenga akaongeza. "Hatutakubali."

Dorothée, mdogo wao mwenye mdomo mwepesi, akamnyooshea Hubert kidole. "Na ng'ombe zake zilikula maharagwe yangu mara mbili. Aulizwe ile kwanza!"

Watu wakacheka. Hubert naye akatabasamu kwa haya. Kapita akaamua ng'ombe wabaki upande wa Hubert, na alasiri ileile miyenzi, vile vijiti vyenye utomvu mweupe kama maziwa, vikapandwa mpakani. Hubert ndiye aliyeshika ncha ya pili ya kamba ya kupimia mpaka.

Jioni Straton alimwambia dada yake, "Nilikukataza bure."

"Ulikataza kwa uoga," Libérata akasema. "Uoga haulimi."

Straton alirudi Masaka moyo umetulia, akafanya kazi miaka mingine bila wasiwasi. Mwaka wa 1957 yeye na Emérita walirudi Kirolirwe kabisa. Wanawake walivuna, wakaondoka kama walivyoahidi. Dorothée peke yake Straton alimwomba abaki na kona yake ya kijitoni, kwa sababu yeye Dorothée na Emérita walikuwa marafiki tangu juma la kwanza. Asubuhi walilima pamoja, na vicheko vyao vilipanda mlima mpaka nyumbani, Straton naye akacheka hata akashindwa kumaliza sala zake za asubuhi.