Siku Aliyozaliwa Wachuka

Vumbi la Januari huko Bahati halibishi hodi. Linapita chini ya mlango, linapanda mezani, linajikalia kikombeni kama mwenye nyumba. Wachuka analifuta asubuhi, analifuta jioni, na kesho liko palepale. Aende nalo wapi? Yeye mwenyewe, aliambiwa, alikuja nalo.

"Ulizaliwa wakati wa vumbi," mama yake alikuwa akisema, na hapo basi, haongezi neno. Mama alichuma maua ya pareto kwenye shamba la mzungu, na siku zake zilipita kwa vikapu, kalenda hakuwa nayo. Akazikwa, na Wachuka akabaki na maneno hayo tu. Wakati wa vumbi.

Alipokwenda kuchukua kitambulisho, karani akamuuliza alizaliwa lini. Akajibu, wakati wa vumbi. Karani hata kichwa hakuinua. Akaandika tarehe moja Januari, kama alivyomwandikia aliyetangulia, kama alivyomwandikia aliyefuata. Jameni! Foleni nzima ya watu wazima ikazaliwa siku moja, utadhani mama zao walikaa kikao. Wachuka alicheka siku hiyo mpaka mbavu zikamuuma. Alikuwa msichana bado, na siku alikuwa nazo tele.

Sasa hacheki. Kila Mwaka Mpya wajukuu wanakuja na keki, wanaimba, wanapiga makofi, na Natalie, mjukuu wake mkubwa, anamnyatia kwa nyuma na kikombe cha maji ammwagie mgongoni, maana usipomwagiwa maji wanasema siku yako ya kuzaliwa haijafika. Wote wanaangua kicheko. Maji yanatiririka, naye anatabasamu, na moyoni anajihisi mgeni aliyekalishwa kiti cha mtu mwingine. Anajua wanampenda. Ila siku wanayomwimbia ni ya karani.

Na siku yake ipo! Hilo ndilo linalomchoma. Ipo huko Gilgil, kichwani mwa kaka yake Ephantus. Wiki aliyozaliwa Wachuka, Ephantus alikuwa ameanza shule. Mwalimu akaandika tarehe ubaoni, na hiyo ndiyo tarehe ya kwanza aliyowahi kuisoma maishani mwake. Mchana wa siku hiyo akatumwa mtoni na kidebe, kuleta maji ya kumwogesha mtoto. Anarudi, amefika mlangoni, akasikia kilio cha mtoto aliyezaliwa. Akashtuka, akamwaga yote, vumbi likayanywa.

"Siku uliyozaliwa nilimwaga maji," alikuwa akimwambia, miaka nenda miaka rudi, meno yote nje. Na ilikuwa tarehe gani, kaka? "Ah-ah! Nikikuambia utaanza kudai zawadi."

Wakacheka. Wakazeeka. Nitamuuliza Krismasi, Wachuka akajisemea. Nitamuuliza Pasaka. Nitamuuliza kwenye harusi ya binti yake, Sue. Ulikuwa mchezo wao, na mchezo mtamu hivyo nani anataka kuumaliza?

Mwaka huu hakuikata keki. "Leo siimbiwi," akasema. "Kamande, washa gari. Twende kwa mjomba wako." Kamande, mwanawe, akafungua mdomo aseme jambo juu ya hali ya mjomba. Akamwona mama ameshajifunga kitambaa kichwani, ameshachukua mkoba. Akatafuta funguo.

Barabarani vumbi. Langoni vumbi. Ephantus alikuwa ameketi kwenye stuli nje ya mlango, vifungo vya sweta vimefungwa kombo. Sue akampokea shangazi yake, akamnong'oneza, "Usivunjike moyo, shangazi. Siku hizi anatusahau sisi sote." Wachuka hakutaka kusikia. Akapiga magoti, na magoti yenyewe mabovu, akamshika kaka yake mkono.

"Karibu, mathe," Ephantus akasema, kwa adabu kabisa. "Unatafuta nani?"

Mathe. Neno la kumwita mama usiyemjua, anayekuuzia mboga ya sukuma sokoni. Wee Ephantus! Mtu aliyekuwa akimbeba mgongoni, akimmenyea viazi vya moto, akimwita kila jina la utani chini ya jua, leo anamwita mathe. Kitu kikakatika ndani ya Wachuka, lakini mkono hakuuachilia.

"Ni mimi, kaka. Siku niliyozaliwa ulimwaga maji. Unakumbuka maji?"

Na macho yakawaka! Maji aliyakumbuka. Uso mzima ukawa wa kitoto, akainama akaanza kupapasa udongo miguuni pake, huku na huku, kwa viganja.

"Yamemwagika," akasema. "Yote. Usimwambie mama."

"Simwambii. Na mtoto je, kaka? Yule mtoto aliyezaliwa siku hiyo?"

Akamtazama kwa huruma, kama mtu anayetamani sana kumsaidia.

"Mtoto gani?"

Njia nzima ya kurudi Wachuka alilia, na Kamande akaendesha bila kufungua redio. Alililia tarehe, ndiyo, lakini tarehe ilikuwa kidogo tu ya kilio chake. Mama hayupo. Wachuma pareto wenzake waliokuwa nyumbani siku ile hawapo. Mtu wa mwisho aliyesikia sauti yake ya kwanza amekwenda zake, mwili ameuacha kwenye stuli. Nani sasa atasema Wachuka alikuwa mtoto? Alijiona amefutwa, kama anavyofuta meza yake asubuhi, kwa kitambaa kimoja, bila haraka.

Jioni wajukuu walikuwa bado wanamngoja. Keki ilikuwa mezani, na vumbi juu yake. Natalie akaja akinyata na kikombe.

"Usinimwagie mimi," Wachuka akasema. "Mwaga pale mlangoni."

"Chini tu hivyo, shosho?"

"Chini."

Natalie akamwaga. Doa jeusi likatokea kwenye vumbi, likang'aa kidogo. Wachuka akaliinamia, akatega sikio. Alikuwa akingoja kilio. Wajukuu wakatazamana, wasijue kama wacheke. Hakuna kilicholia. Kabla Natalie hajarudisha kikombe mezani, pale mlangoni palikuwa pakavu, na upepo ulikuwa umeshaleta vumbi jingine.