Ni Miye

Siku ile ilikuwa zamu yangu ya kupika shuleni, na sikutaka kwenda. Alfajiri risasi zilikuwa zimesikika upande wa kizuizi cha wanajeshi, na kulipokucha kila mtu wa mtaa wetu wa Shari alikuwa na habari yake. Mmoja alisema washambuliaji wameingia mjini, mwingine alisema ni askari mlevi tu. Mimi nilifunga kitenge, nikamshika binti yangu mkono, tukaenda. Nikibaki nyumbani kwa sababu ya woga, nani atawapikia watoto?

Jina langu ni Viviane, lakini hapa Bunia wananiita Mama Divine. Tulitoka Butembo tukikimbia vita, tukavikuta vimetutangulia. Ninauza makayabu sokoni, wale samaki wa chumvi wanaonuka kutoka mbali, na ulimi wangu ni mkali kuliko chumvi yao. Nimeshagombana na watu wengi pale sokoni kwa sababu wanaiita shule ya mwanangu shule ya wajinga. Si ya wajinga. Ni shule ya watoto ambao shule nyingine ziliwarudisha nyumbani: wasioshika herufi, wasiojua kuhesabu, wale ambao ukiwaambia neno leo linawafikia kesho. Ina vyumba viwili vya matofali, jiko la mabati nyuma yake, na uzio wa matete ambao mbuzi wa jirani wanautafuna bila aibu.

Divine wangu alifika miaka kumi hajasema kitu. Nilimwomba Mungu neno moja tu, lolote. Niliomba kwenye misa, nikaomba kwa watu wa maombi ya kufunga, nikaenda hata kwa mganga mmoja wa Mambasa ambaye sitaki kumkumbuka. Neno lilikuja kwa njia ya Mwalimu Priscille, mwenye shule, mwanamke mdogo wa mwili anayefunga miwani yake kwa uzi. Yeye alisema kwamba mtoto anayesemewa na wengine siku zote hajui kama na yeye yupo. Kwa hiyo kila asubuhi alipiga makofi na kuuliza: nani amekuja? Nani amefagia? Nani ana njaa? Na kila mtoto alifundishwa kuweka mkono kifuani na kujibu, "Ni miye!" Anayejibu hivyo hagombezwi kamwe. Hata aliyevunja sahani, akisema ni miye, anapigiwa makofi na wenzake.

Siku Divine alipoweka mkono kifuani na kulisema, nililia mpaka Mwalimu akaniletea kiti. Baada ya hapo hakuliacha tena. Ukisema "nani" mbele yake, umempa zawadi. Padri aliuliza kanisani, katikati ya mahubiri, ni nani kati yetu asiye na dhambi, na mwanangu akasimama kwenye benchi akajibu kwa sauti. Watu walicheka. Mimi sikuona cha kucheka, maana kati ya wote waliokuwa mle ndani ni yeye peke yake aliyesema kweli.

Basi asubuhi ile mimi nilikuwa natwanga sombe, na Divine amekaa karibu yangu ananichambulia yale majani ya muhogo, kazi anayoipenda. Wenzake walikuwa darasani. Jipu la jeshi lilisimama nyuma ya uzio. Askari wawili waliingia kupitia upande wa jiko, hawakubisha hodi. Wa mbele alikuwa ajida, mkubwa wa kile kizuizi, mtu mzima, macho mekundu ya kukosa usingizi. Wa nyuma alikuwa kijana tu.

"Batu ba hapa," ajida akasema, "nani alibeba motorola yetu?"

Kumbe redio yao ya mkononi ilikuwa imepotea kwenye kizuizi katika zile fujo za alfajiri. Redio ya jeshi ikipotea mjini kwetu, kila mtu anajua watakachosema: imepelekwa kwa watu wa porini. Nilifungua mdomo kusema hatujui. Sikuwahi.

"Ni miye!" Divine akasema, mkono kifuani.

Akawatazama akingoja makofi. Alipoona hakuna anayepiga, akajipigia mwenyewe.

Ajida akamsogelea.

"Iko wapi?"

Divine akatabasamu. Maswali ya wapi hayajui.

"Unanicheka?"

"Shef," nikasema, "uyu mutoto iko na shida. Hajue kile anasema. Hapa ni masomo ya batoto ba namna hii."

"Kila mwizi iko na mama wa kusema vile. Weye mutoto, ulipatia nani motorola?"

"Ni miye!"

Yule askari kijana alikohoa kuficha kicheko. Ajida hakucheka. Alimkamata Divine mkono wa juu akamwinua, na mwanangu, ambaye hapendi kushikwa na mtu asiyemjua, akaanza kupiga kelele ambazo hata mimi mama yake huwa zinanitisha. Nikaanguka magotini kwenye majani ya sombe. Nilimshika ajida buti. Nilisema kwa Kiswahili, nikasema kwa Kinande, nikasema yale maneno machache ya Lingala ninayoyajua. Alinipita kama mtu anavyopita mfuko uliotupwa njiani.

Kijana wa jirani yetu alipandishwa kwenye jipu kama lile. Mpaka leo mama yake anabeba sufuria ya chakula kwenda kila anakosikia kuna mahali wanafungia watu, na kila jioni anarudi nayo imejaa. Hicho ndicho nilichokiona wakati namfuata Divine akiburutwa kupita uani: mimi na sufuria yangu.

Mwalimu Priscille alitoka darasani na watoto nyuma yake. Alimtazama Divine, akamtazama ajida, akanitazama.

"Alisema ni miye," nikamwambia. Sikuwa na pumzi ya kuongeza lingine.

Alielewa palepale. Uso wake ulibadilika, kwa sababu neno lile ni yeye aliyelipanda. Lakini hakupiga kelele wala hakukimbia. Alipiga makofi yake ya kila asubuhi.

"Batoto! Nani alijenga kanisa ya mission?"

"Ni miye!" wakajibu wote, mikono vifuani.

"Nani alizaa Mwalimu Priscille?"

"Ni miye!"

"Nani iko ajida hapa?"

"Ni miye!" Na Divine, aliyekuwa bado anabubujikwa na machozi mikononi mwa ajida mwenyewe, akalisema pamoja nao.

Askari kijana akashindwa, akacheka mpaka akashika bunduki vibaya. Nikamwomba Mungu amfunge mdomo, maana niliona shingo ya ajida inavimba. Mtu mwenye cheo akichekwa mbele ya watoto, hujui atatafuta wapi heshima yake. Lakini aliuliza mwenyewe, taratibu, "Nani alibeba motorola?" Ua wote ukajibu kwa furaha kwamba ni wao.

Akamwachia Divine. Nilimvuta kwangu, nikambana kifuani. Nilidhani yamekwisha. Nilishaanza kutazama mlango wa uzio.

"Na uyu?" ajida akasema.

Alikuwa anamnyooshea kidole Vanessa. Huyu alikuwa bado mgeni shuleni. Mwalimu alimtoa kambi ya wakimbizi, kati ya watu waliokimbia Djugu, na alikuwa anamlaza nyumbani kwake. Tangu usiku kijiji chao kilipochomwa moto hakusema neno, wala hatukujua kama ni akili inayochelewa au ni mdomo tu uliojifunga. Watoto wote walikuwa na mikono vifuani. Vanessa alikuwa ameiteremsha yake miwili kando, amesimama wima, macho chini.

"Bote banasema ni bao," ajida akasema. "Uyu tu ananyamaza. Basi ni uyu iko na akili. Na mwenye akili ndiye mwizi."

"Shef, haseme," Mwalimu akasema. "Haseme hata kidogo."

"Anatoka wapi?"

Hapa kwetu swali hilo haliulizi mahali. Linauliza watu wako ni akina nani, na jibu likiwa baya halirekebishiki. Mwalimu alichelewa kidogo tu, lakini ajida alikuwa amekwisha kuona anavyochelewa.

"Mama yake ni nani?"

"Ni miye!" watoto wakajibu, Divine akiwa wa kwanza.

"Kimya!" Alipiga kelele hadi kuku wakakimbia. Watoto wakanywea. Akatugeukia sisi watu wazima. "Nasema, mama yake ni nani?"

Nilitaka kuondoka, nisidanganye. Mwanangu nilikuwa nimempata, mlango ulikuwa wazi, na yule msichana sikuwahi kumpa zaidi ya kijiko cha sombe siku za zamu yangu. Nikijifunga naye, redio ile ikisemwa ni yake itakuwa yangu pia. Yote hayo niliyapima. Halafu nikamwona yule ajida ananyoosha mkono kumshika palepale alipokuwa amemshika Divine, juu ya kiwiko, na hasira ikanipanda kichwani. Sisemi ni huruma. Ilikuwa hasira.

"Ni miye," nikasema.

Akanigeukia polepole. "Weye? Bote wawili ni bako?"

"Bote wawili. Mungu alinipatia ba namna hii, nitafanya je?"

"Jina yake?"

"Musoki."

Ni jina la mama yangu mzazi. Ni jina la Butembo. Anayelisikia anajua umetoka upande gani, na ya Djugu hayaulizwi tena. Ajida akamtazama Vanessa, mrefu, mwembamba. Akanitazama mimi, mfupi, mpana kama pipa la mafuta.

"Hafanane na weye."

"Anafanana na baba yake. Na uyo baba, ukimuona Mambasa kule kwenye mbao, umuambie batoto banamungojea."

Askari kijana alicheka tena, na safari hii pembe ya mdomo wa ajida ikasogea. Lakini hakumwacha.

"Umuite."

Msichana yule hakulijua jina lile. Hakuwahi kuitwa hivyo katika maisha yake. Akibaki amesimama, nimekwisha, na yeye amekwisha, na Divine nani atamlea?

"Musoki," nikasema. Sauti yangu ilitoka nyembamba, si ya mwanamke wa sokoni. "Musoki, kuya."

Hakusogea. Nilisikia maji ya sombe yanachemka jikoni na kumwagikia motoni. Kisha akainua macho, akanitazama usoni kwa muda, akaja. Alishika pindo la kitenge changu kwa mikono yote miwili akasimama nyuma yangu.

"Sawa," ajida akasema. "Munapita kwa barieri yangu kila siku, asubui na mangaribi. Nitakuwa nabaona bote wawili. Siku sitaona mumoja, nitakuya kwako."

Wakaenda. Mwalimu Priscille alikaa chini palepale kwenye vumbi, akavua miwani. Jioni ile Vanessa alihamia kwangu. Hakuna aliyeuliza kama nafasi ipo.

Kuhusu redio, sijui kama ilipatikana. Wengine wanasema ilikuwa ndani ya jipu lenyewe. Sithubutu kuuliza.

Tangu hapo Mwalimu amewafundisha watoto jina jipya. Wanaoweza wamelishika. Divine hawezi. Jina la Vanessa alilifanyia kazi tangu siku mgeni alipoletwa, akapigiwa makofi, likakaa, na kwake kitu kikikaa hakiondoki. Anampenda. Barabarani anamwita kwa nguvu, "Vanessa! Vanessa!" hata kama mwenzake yuko hapo kando yake. Sasa hata huko Butembo wako wanaoitwa Vanessa, lakini mimi nilisema Musoki, na ajida hasahau.

Kwa hiyo tunapokaribia kizuizi ninamshika Divine mkono. Ajida anatusalimu, anawatazama wasichana mmoja baada ya mwingine, na siku nyingine anauliza kwa mzaha, "Uyu murefu ni nani vile?" Divine anavuta pumzi ajibu, na sijui litatoka ni miye au Vanessa. Hapo ninamfinya upande wa ndani wa mkono, penye nyama laini, ambapo alama haionekani kwa watu. Anasahau alichotaka kusema, anaanza kulia bila sauti, na tunapita. Usiku nampaka mafuta kwenye zile alama na kumwambia pole. Sidhani anaelewa ninamwombea msamaha wa nini.

Jana, hatujafika hata kwenye kizuizi, nilishangaa Divine hanishiki mkono. Nikageuka. Alikuwa anatembea polepole nyuma yangu, amejifunika mdomo mwenyewe kwa viganja vyote viwili, macho yamemtoka kwa kubana pumzi.

Sikumwambia aiteremshe mikono.