Hatua Zilizomo Simuni

Kila asubuhi fundi cherehani alitakiwa kutembea dakika mbili, simu mfukoni, ipime jinsi ugonjwa wa mishipa ya fahamu unavyomlegeza miguu. Siku alizoshindwa kuinuka, mama yake, kwa uchungu wa mwana, aliichukua simu kimyakimya akatembea yeye, ili siku isipite bila kipimo.

Leo daktari aliisoma akatabasamu. "Hongera, fundi! Miguu imepata nguvu. Ile dawa kali uliyokuwa uanze, tumpe aliye hoi zaidi."

"Nguvu gani, daktari? Mguu bado nauburuta kama gunia."

Mama akainamisha kichwa. "Mwanangu daktari, hizo hatua ni zangu, bibi kizee wa miaka sabini."

Tabasamu likafutika usoni mwa daktari. "Basi tunapima upya, mama. Miezi mitatu, ndipo tuamue dawa."

"Miezi mitatu," fundi alinong'ona, "cherehani nitaikanyaga kwa miguu ipi?"