Pampu Isiyosikika

Watu walimwita Daktari kwa sababu ya masikio yake. Gari likiletwa gerejini kwake linagonga, linakoroma au linapiga miluzi, hakuwa na haraka ya kushika spana. Aliegemeza bisibisi ndefu kwenye injini, akauweka mpini wake sikioni, akafumba macho. Kisha akatamka ugonjwa: beringi ya altaneta, au valvu imelegea. Mara nyingi ikawa hivyo hivyo. Wateja walisema huyu bwana kilichobaki ni kuandikia magari vidonge.

Ndiyo maana masikio yalipoanza kumtupa mkono hakumwambia mtu.

Hayakuondoka kwa mpigo. Kwanza walipotea ndege wa asubuhi. Ukafuata mlio wa simu, kisha sauti za watoto na wanawake. Sauti nzito bado alizipata, lakini nyembamba zilimfikia zimekatwa vichwa na miguu. Akajifunza kuitikia kwa kichwa, kucheka wenzake wakicheka, na kuaga mapema. Magari ya kusikilizwa akayakataa, akidai kazi zimemzidi. Siku moja fundi rangi wa ua wa jirani, ambaye zamani walipiga soga kila mchana, alimwambia mbele za watu, "Daktari, siku hizi una maringo! Nakusalimia, unanipita kama ukuta niliosahau kuupaka." Daktari aliona midomo ikicheza na watu wakishika mbavu. Akacheka nao, bila kujua kilichochekesha ni yeye.

Ila kilichomkosesha usingizi ni dada yake mdogo, yule aliyemwachia ziwa. Walizaliwa wawili tu, na wazazi wao walikwisha kutangulia. Walikuwa na gari la mbio, dogo, jekundu, lililookotwa kwenye chuma chakavu na kufufuliwa kipande kwa kipande. Kaka ndiye aliyelitengeneza, dada ndiye aliyeliendesha. Tangu dada apate kazi mji mwingine, zile Jumamosi zao za gerejini zilikufa, zikabaki simu. Na sauti ya dada ilikuwa nyembamba kama uzi. Simu ikiita, Daktari aliiangalia ikitetemeka mezani mpaka inyamaze, halafu akaandika, "Niko chini ya gari."

Mwishowe dada akamjibu, "Kaka, hilo gari unalolala chini yake haliishi? Nimekukosea nini?"

Aliandika maelezo marefu, akayafuta. Akatuma neno moja: "Hakuna."

Katika mbio zilizopita gari lilichemka, likaishia pembeni ya njia likifuka mvuke. Ugonjwa ulijulikana bila kusikilizwa. Pampu yake ya maji ilizungushwa na mkanda wa injini. Injini ilipokimbia kupita kiasi, pampu iliyavuruga maji badala ya kuyasukuma. Injini ilipozimwa nayo ikalala, wakati joto ndiyo kwanza linapanda. Wiki chache baadaye dada alituma boksi kwa basi. Ndani mlikuwa na pampu ya umeme, ya kufungwa mbali na injini na kulishwa na betri, pamoja na kidude cha kupima joto na kuiamuru pampu iende kasi au polepole.

Daktari aliifurahia kazi ile, kwa kuwa ilikuwa ya macho na mikono. Alimwaga maji, akaifungua pampu ya zamani, akaikata mapanga yake ya kusukumia maji na kulirudisha ganda lake tupu lizibe tundu. Thamostati, kile kizibo kinachozuia maji injini ikiwa bado baridi, akaiondoa. Akaukata mpira wa chini wa rejeta, akaiweka pampu mpya hapo, chini kabisa, ili maji yaifikie yenyewe kwa uzito wake, mshale uliochorwa juu yake ukielekea injini. Aliifunga kwenye vipande vya mpira isitetemeshe bodi. Waya alizipitisha mbali na ekzosi, zikaja kwenye rilei, ile swichi ya umeme, na fyuzi, safi kama nywele zilizosukwa.

Akiwa chali chini ya gari alinyoosha mkono nje. "Nipe kumi," akasema.

Mkono ulikaa hewani. Ilimchukua muda kukumbuka kwamba dada hayupo, hakuna wa kumpa spana. Akajiburuta, akatoka, akaitafuta mwenyewe.

Alipojaza maji na kuwasha, taa ya kile kidude iling'aa kijani. Akainama, akatega sikio. Kimya. Vizuri, akajisemea, wote walisema pampu hizi ni tulivu.

Dada alifika Jumamosi asubuhi, siku ya kulijaribu gari. Alibisha hodi getini mara kadhaa, akimwona kabisa kaka yake ameinamia boneti, hageuki. Akaingia na uso umekunjamana. Daktari alishtuka alipoona kivuli.

"Mdogo wangu! Umefika saa hizi?"

"Nimefika zamani," dada alisema, akitazama kando. Salamu zao zilikuwa kavu. Basi Daktari akaona heri kazi iseme. Akamsogeza penye gari, akawasha pampu.

Ilitoka sauti kama sufuria inayokwanguliwa kwa kijiko. Dada aliziba masikio. Kaka yake alisimama pale, mkono juu ya boneti, akitabasamu kama bwana harusi.

"Umeona? Kimya kabisa!"

Dada alidhani ni mzaha. Akaungoja ule mzaha uishe, haukuisha. Akanyoosha mkono taratibu, akazima. Kisha akazunguka nyuma ya kaka yake na kusema kwa sauti ya kawaida, "Kaka, shati lako linaungua."

Daktari aliendelea kufuta tone la maji kwenye mpira.

Alipogeuka alimkuta dada analia. Safari hii aliyasoma maneno midomoni: "Tangu lini?"

Akaanza kutikisa kichwa, kwamba hakuna kitu, kisha akachoka. Akakaa juu ya tairi. "Mwaka jana. Labda na kabla."

"Na mimi nikadhani umeninunia!"

"Ningekuwa nimekununia ningekufungia pampu?"

Dada alicheka na kamasi zake. Akachuchumaa mbele yake ili uso wake uonekane. "Kwa nini hukusema?"

"Niseme, halafu? Wananiita Daktari kwa ajili gani? Nikisema, nabaki mtu tu mwenye spana."

Dada alimshika magoti. Halafu akafuta uso na kusema polepole, "Pampu yako inapiga kelele za ajabu."

"Hewa," Daktari alisema papo hapo, akasimama. "Ina hewa ndani."

Wakalipandisha gari mbele kwa jeki, wakafungua mdomo wa rejeta. Daktari aliibinya mipira kwa mikono yote miwili, mapovu yakapanda, akaongeza maji. Dada alisikiliza, akipunga kiganja: bado, bado. Mwishowe akainua dole gumba. Kwa Daktari hakuna kilichobadilika.

Siku ya mbio alisimama kwenye uzio, katikati ya umati. Aliona midomo imefunguka pande zote. Gari jekundu lilimpita. Alilipokea miguuni, mtetemo ardhini, kisha likawa limekwenda. Dada alimaliza wa tano, na mshale wa joto haukupanda. Alipozima injini, akamwashiria kaka yake kwa kidole kinachozunguka: pampu bado inafanya kazi. Daktari aliitikia. Ilibidi aamini tu.

Kabla ya kuondoka, dada alimpeleka hospitali. Walisema mishipa ya masikio imechoka, haitarudi, ila kuna mashine ya kusaidia kusikia. Mashine ilimrudishia watu, lakini injini zote zikawa na sauti moja, ya bati. Fundi rangi alipopata habari alikuja kumpa pole, akaanza kumpigia kelele neno kwa neno, kama anaongea na mtoto mchanga, mpaka Daktari akamwambia, "Nitazame tu unaposema, inatosha." Fundi hakuja tena kwa siku nyingi, aibu ilimshika.

Sasa dada hupiga simu ya video. Daktari huisimamisha juu ya sanduku la vifaa, wakaongea habari za magurudumu, za kazi, za mvua. Mazungumzo hayachukui muda, dada naye ana maisha yake. Akishaaga, kioo cha simu huwa cheusi. Daktari huivua mashine, kwa sababu inamchosha, akaiweka kwenye kitambaa safi, akachukua nyundo na kurudi kwenye breki za lori la mtu.