Malinya Kwanza

Kama kulikuwa na kitu Mideva alikitaka kuliko vyote, ni ufunguo wa ofisi ya baba yake. Mzee Philemon Shivachi alikuwa na maduka matatu ya dawa za mifugo: moja Kakamega mjini, moja Malinya na jingine Matete. Ofisi ilikuwa mjini, nyuma ya magunia ya chakula cha kuku, na mzee alikuwa amechoka kuikalia. Alitaka kushinda siku nzima na fahali wake wa mapigano. Basi akatangaza kwamba mtoto atakayehamisha mfumo wa maduka bila mteja hata mmoja kurudi mikono mitupu ndiye atakayekabidhiwa ufunguo. Atakayeshindwa atapima chumvi ya ng'ombe kaunta.

Mfumo wenyewe uliishi ndani ya kompyuta kongwe, moja kila duka, zilizokoroma kumshinda mzee. Zikifa, hesabu za mali na mauzo zinakufa nazo. Wote walikubali kwamba kumbukumbu zihamie kwenye wingu, yaani kwenye mashine za kampuni fulani huko mbali, ambazo mtu huzifikia kwa intaneti popote alipo. Ugomvi ulikuwa juu ya namna ya kuhama.

Ijumaa mchana, obusuma na ingokho, yaani ugali na kuku, vikiwa mezani, Oliver alisimama kutoa hoja yake. Huyu ndiye kaka mkubwa, aliyekuja kutoka Nairobi na viatu vilivyochongoka. Alitaka maduka yote yahame kwa siku moja, na zile kompyuta kongwe zitupwe siku hiyo hiyo.

"Baba, mtu akihama nyumba haachi kitanda nyuma," alisema.

"Mimi nataka duka moja kwanza," Mideva akajibu. "Na kompyuta ya zamani ikae pale pale ikifanya kazi. Kila tunachouza tukiingize pande zote mbili, mpaka tuone huu mfumo mpya hauna kisirani."

"Kazi mara mbili! Huo ni uoga tu, dada."

Mideva alihisi masikio yake yakiwaka, maana ni kweli alikuwa anaogopa. Akamgeukia baba yake.

"Baba, ulipomnunua Waziri, ulimuuza Diwani?"

Mzee aliacha kutafuna. Waziri ndiye fahali wake mpya. Diwani ndiye yule wa zamani, ambaye sasa kazi yake ni kula nyasi na kuheshimiwa.

"Nimuuze? Na Waziri angekimbia uwanjani, ningewapelekea nini, mbuzi? Fahali mpya mimi huwanga namjaribu kwanza, wa zamani akiwa bado zizini."

Akayasikia maneno yake mwenyewe. Akalirudisha paja la kuku kwenye sahani.

"Malinya kwanza," akasema.

Mideva alijiona mjanja sana, na hapo ndipo ujanja ulipomzidi. Alichagua kuhama Jumamosi asubuhi. Siku hiyo Waziri alikuwa anapigana Malinya, na fahali wakipigana, Malinya nzima huhamia uwanjani. Dukani hata nzi hataingia, alijiambia, nami nitajaribu mambo yangu kwa raha zangu.

Asubuhi hiyo kila kitu kilimtii. Alipakia kumbukumbu, akafungua mfumo mpya kwenye laptopu, akajiuzia pakiti ya chumvi. Risiti ikatoka. Akaiingiza chumvi hiyo kwenye kompyuta kongwe pia, kisha akacheza kidogo nyuma ya kaunta, maana hakukuwa na mtu wa kumcheka.

Ngoma za isukuti zikapanda kutoka uwanjani, na papo hapo kile kiduara cha kwenye skrini kikaanza kuzunguka. Kikazunguka, kikazunguka. Mideva alizima, akawasha, akaomba Mungu, akatukana, akaomba Mungu msamaha. Simu nayo haikuita popote. Akatoka nje ameiinua juu kutafuta mtandao.

Kutoka mlangoni uwanja wote ulionekana. Juu ya vichwa vya watu kulikuwa na mikono, na kila mkono umeshika simu. Malinya yote ilikuwa inarusha video za fahali moja kwa moja, na mnara wa mtandao ulikuwa mmoja tu. Mbele ya wote, simu yake ikiwa kwenye kijiti kirefu, alisimama Oliver.

"Mjinga mimi," Mideva alisema kwa sauti. Kati ya siku zote, alikuwa amechagua ile ambayo mtandao wa Malinya una kazi kuliko siku nyingine yoyote.

Kelele zikalipuka. Waziri alikuwa ameshinda. Umati ukapanda kuelekea dukani, mzee mbele, na fahali nyuma yake akivuja damu begani.

"Mama, ile dawa ya zambarau ya kupuliza! Haraka!" mzee alimwagiza binti yake.

Mideva aliuchomoa mkebe rafuni. Mzee akanyoosha mkono, halafu mkono ukasimama hewani. Sheria ya maduka yake, aliyoibandika ukutani yeye mwenyewe, ilisema hakuna kitu kitakachotoka bila risiti ya mfumo, hata kikichukuliwa na mwenye duka. Na kijiji kizima kilikuwa kinamtazama.

"Risiti," alisema kwa uchungu.

Oliver akachungulia laptopu, kijiti bado mkononi. "Wasee, mnaona?" aliitangazia simu yake. "Mfumo wa dada umelala!"

Mideva aliifunua leso iliyokinga kompyuta kongwe na vumbi. Ilikuwa macho tangu asubuhi. Ilikoroma, ikafikiri, na printa yake ikakwaruza risiti. Mzee akampulizia Waziri dawa, na Waziri akapiga chafya.

"Mfumo ni mzima, Baba," Mideva alisema. "Mtandao ndio umejaa. Watu wote wanarusha video za Waziri, na wa kwanza ni huyu mwenye kijiti."

Mzee aligeuka polepole. "Oliver, zima. Nyote zimeni!"

Simu zikaingia mifukoni. Kiduara kikasita, kikatoweka, na Mideva akaiingiza ile dawa upande wa pili.

"Na hii kongwe ingekuwa imetupwa leo?" mzee aliuliza. Oliver alikikunja kijiti chake.

"Haya, nimekubali," akasema. "Lakini hilo sanduku litatupwa lini?"

"Siku Baba atakayomuuza Diwani."

Umati mzima ukacheka, kwa kuwa hakuna asiyejua jinsi mzee anavyompenda Diwani. Mzee peke yake hakucheka. Aliingiza mkono kotini, akatoa ufunguo wa ofisi, akauweka juu ya kaunta.

"Matete ni lini?"

"Jumatano, Baba. Siku isiyo na fahali."

Akauchukua ufunguo haraka na kuufumbata, kabla mzee hajakumbuka kwamba dukani mwake hakuna kitu kinachotoka bila risiti.