Wazazi Kwenye Madawati

Gari lilikuwa limeshawashwa, buti limefungwa kwa kamba kwa sababu kufuli lake halikushika, na bado Sista Kengele alikuwa ametoa kichwa dirishani akigawa maagizo. Watawa ndivyo walivyo. Barua ya uhamisho ikifika leo, keshokutwa mtu yuko njiani na begi moja, na aliowaacha wanabaki midomo wazi.

"Mwalimu, yale maua uyamwagilie asubuhi, si mchana!"

"Sawa, Sista."

"Na yule binti wa mwenye bucha usimlazimishe kusema. Atasema siku yake ikifika."

"Sawa, Sista."

"Na Ijumaa ya wazazi nakuachia wewe. Ikifa, imefia mikononi mwako!"

Dereva akakanyaga mafuta. Mkono wa Sista ukatoka nje ukitikisa kengele yake ndogo ya shaba, na mlio ukasikika mpaka gari lilipokata kona. Kengele hiyo akaondoka nayo. Hilo mwalimu alilijutia baadaye.

Aliyebaki amesimama langoni na vumbi la gari usoni aliitwa Mwalimu Nukta. Jina alipewa na darasa lake la saba, kwa kuwa kila akimaliza jambo husema "nukta", liwe imla, liwe adhabu, iwe habari ya mpira. Kijana mzuri, mpole, hesabu anaijua kama kiganja chake. Ila mbele ya watoto alikuwa simba, na mbele ya watu wazima ulimi ulimkauka kama ngozi iliyoanikwa.

Na Ijumaa ya wazazi ilikuwa ya watu wazima watupu. Shule nyingi humpa mzazi habari za mtoto mwisho wa muhula, kwa karatasi ya alama, na mzazi akiisoma ama anacheka ama anavua mkanda. Sista Kengele alikataa mtindo huo. Alitaka mzazi ajue kila wiki darasa limefika wapi, katika hesabu, sayansi na dini, ili jioni awe na la kumuuliza mwanawe zaidi ya "umekula?" Shule haikuwa na ukumbi, na kanisa la parokia lilikuwa ukuta kwa ukuta na madarasa, basi wazazi wakawa wanakutana kanisani. Sista alipita katikati ya mabenchi, na aliyesinzia alipigiwa kengele sikioni. Hakusinzia mtu mara mbili.

Ijumaa yake ya kwanza, Mwalimu Nukta alipanda pale wanaposomea masomo ya misa, akafunua karatasi, akaanza kusoma. Wazazi waliingia wakichovya vidole kwenye maji ya baraka. Akina mama wakajaza mabenchi ya kati. Akina baba, kama kawaida yao, wakabaki mlangoni, mguu mmoja ndani mmoja nje. Mwalimu akasoma malengo ya wiki, akasoma asilimia ya mafanikio. Alipofika mwisho akasema:

"Na hapo ndipo tulipofikia wiki hii. Nukta."

"Tumshukuru Mungu," kanisa zima likaitikia.

Akauliza kama kuna swali. Bibi mmoja muuza vitunguu, aliyekuwa akimlea mjukuu wake, akapiga ishara ya msalaba akanyanyuka. Wengine wakamfuata. Baba mmoja alipiga goti kabla ya kutoka.

Ijumaa ya pili ikawa hivyo hivyo, ila watu wamepungua. Ya tatu, mabenchi yalikuwa mengi kuliko wazazi. Mwalimu aliandika taarifa ndefu zaidi, akidhani tatizo ni upungufu wa maneno. Kumbe alikuwa anamwaga mafuta kwenye moto.

Sista Mkuu, mwalimu mkuu wa shule, mama wa maneno machache, akamwita ofisini.

"Mwalimu, ile ni taarifa au ni ibada?"

"Taarifa, Sista."

"Mbona wanaitikia?"



"Mwenyekiti wa kamati ya wazazi anataka tuifute, turudi kwenye karatasi ya alama," Sista Mkuu akasema. "Ijumaa hii nakuja naye. Tukikuta usingizi, tunaifuta. Na muda wako wa majaribio kazini unaisha mwezi huu. Mwalimu asiyeweza kusema na wazazi, mimi nitamthibitishaje?"

Mwenyekiti huyo ndiye mwenye bucha, watu walimwita Shoka. Mtu wa kifua, sauti yake huisikia kabla hujaona kofia yake. Binti yake alikuwa darasa hilo hilo la saba, na wenzake walimwita Kimya, maana maneno yote ya nyumba ile yalikuwa yameshachukuliwa na baba yake.

Mwalimu hakula vizuri wiki ile. Ijumaa ikafika, akavaa shati lake la Jumapili, akachukua karatasi zake, akaenda kanisani. Mlangoni akasikia nyimbo. Ndani paroko alikuwa amewapanga vijana wa kipaimara kwa safu, kwaya nzima iko juu, kinanda kinalia.

"Paroko, leo ni Ijumaa ya wazazi!"

"Mwanangu, leo ni mazoezi. Askofu anakuja keshokutwa. Unataka nimwambie askofu asubiri asilimia zako?"

Wazazi walishaanza kufika, na safari hii walikuwa wengi, kwa sababu Shoka alikuwa ametangaza buchani kwamba leo jambo linazikwa, na watu hawakosi maziko. Mwalimu akazunguka huku na huku kama kuku anayetaka kutaga. Mwisho akasema kwa sauti ya kuomba radhi:

"Basi, twendeni darasani."

Darasani hapakuwa na viti vya watu wazima. Watoto wakaambiwa wasimame ukutani, wazazi wakaketi kwenye madawati ya watoto wao. Magoti yakagonga mbao. Bibi muuza vitunguu akaingia kwenye dawati kama aliyezaliwa humo. Shoka akavuta pumzi, akaingiza tumbo kwa awamu, likaingia, na dawati likalia.

Hapo ndipo mambo yalipogeuka, na hakuna aliyeyapanga. Kanisani mtu mzima ni muumini, hukaa akanyamaza. Mweke kwenye dawati, uso kwa uso na ubao, huyo ameshakuwa mwanafunzi. Mama muuguzi, aliyekuwa bado amevaa sare ya zahanati, alianza kuchungulia vilivyochorwa kwenye mbao za dawati. Fundi viatu akamfinya jirani yake. Baba mmoja, mtu na mvi zake, akanyoosha kidole juu:

"Mwalimu, naomba ruhusa nitoke kidogo."

Watoto ukutani wakaangua kicheko. Mwalimu akafunua karatasi yake.

"Malengo mahsusi ya wiki hii..."

"Mwalimu, andika ubaoni!" akasema fundi viatu. "Huku nyuma hatusikii."

"Wewe ulikuwa husikii tangu tukiwa darasa la pili," muuguzi akamjibu.

Mwalimu Nukta akainua macho. Mbele yake aliona darasa. Vidole juu, minong'ono, mtukutu nyuma, mwenye haraka mbele. Na darasa ndicho kitu pekee duniani ambacho hakukiogopa. Akakunja karatasi, akaitia mfukoni.

"Nyamazeni!" akasema kwa sauti ya simba.

Wakanyamaza. Hata Sista Mkuu, aliyesimama mlangoni, alijikuta amenyoosha mgongo.

Shoka ndiye aliyeanza. "Mimi nina swali moja tu, kisha tufunge hii biashara. Binti yangu hasemi kitu nyumbani. Wiki nzima amejifunza nini? Nionyesheni!"

Mwalimu alikumbuka maneno ya Sista Kengele. Hakumwita mtoto. Aliweka chaki ukingoni mwa ubao, akarudi nyuma hatua chache, akangoja. Alingoja hadi wazazi wakaanza kutazamana. Ndipo Kimya akatoka ukutani, akaichukua ile chaki.

"Ndama ana kilo mia," akasema, akiutazama ubao. "Mvua ikanyesha, akanenepa asilimia ishirini. Ukame ukaja, akakonda asilimia ishirini. Sasa ana kilo ngapi?"

"Mia!" Shoka akadakia. "Alichopata amekipoteza. Mimi nimechinja ndama kabla mama yako hajakuzaa."

"Mia, mia," wazazi wakaunga mkono.

"Hapana, baba."

Yale maneno mawili yalikuwa hayajawahi kusikika katika nyumba ya Shoka.

"Tisini na sita," akasema binti.

"Kilo nne zimekwenda wapi? Nani kazila?"

"Pengine mwenye bucha!" fundi viatu akapaza sauti, na chumba kikavunjika kwa kicheko.

Kimya hakucheka. Akaandika. "Alipokuwa na mia, asilimia ishirini ni kilo ishirini. Akafika mia na ishirini. Sasa anakonda akiwa mnene, baba. Asilimia ishirini ya mia na ishirini ni ishirini na nne. Alipanda kwa udogo wake, akashuka kwa ukubwa wake."

Shoka alitazama ubao. Midomo yake ilikuwa ikitembea. Akahesabu kwa vidole, akarudia, kisha akasimama kwa ghafla, na dawati likasimama naye, limemng'ang'ania kiunoni.

"Huyo ni wangu!" akanguruma, dawati likining'inia. "Mmemsikia? Huyo ni mtoto wangu mimi!"

"Kimya kingi kina mshindo mkuu," akasema bibi muuza vitunguu.

Kuanzia hapo hapakuwa na wa kuwazuia. Muuguzi akataka swali la sayansi. Mtoto mwingine akawauliza matendo ya huruma ya kimwili, ni saba, yatajeni. Wazazi wakataja matano wakakwama, wakaanza kubishana na kunong'onezana majibu, mpaka bibi akawamalizia mawili yaliyobaki, kutembelea wafungwa na kuzika wafu. Kengele ya shule ikalia, hakutoka mtu. Kwaya ikamaliza mazoezi, paroko akaja kuchungulia dirishani akabaki hapo hapo.

"Mwenyekiti," Sista Mkuu akauliza, "tunaifuta?"

"Sista, kwanza nitoeni humu," akasema Shoka. "Halafu Ijumaa ijayo nataka dawati kubwa zaidi."

Mwalimu akafuta ubao. "Nukta," akasema, na mara hii aliyeitikia kwa nguvu kuliko wote alikuwa Shoka mwenyewe: "Bado!"

Mwalimu Nukta alithibitishwa kazini mwezi ule, na bado anafundisha darasa la saba. Taarifa ya wazazi haikurudi kanisani tena. Shoka alibaki mwenyekiti, na dawati lile lilipasuliwa kwa msumeno ili atoke. Kimya alimaliza shule, leo anafundisha hesabu, na baba yake hula chakula cha jioni akiulizwa maswali. Bibi muuza vitunguu alifariki, mjukuu wake ni fundi umeme. Sista Mkuu alihamishwa kwa barua ya ghafla, kama wenzake. Sista Kengele yuko nyumba ya watawa wazee, na kengele anayo.